Hamsini na Watatu Ambao Kibao Hakikuwataja

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vyuma.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, wifi yangu, na huyo binti ambaye nasikia sasa anamfikia mama yake begani. Natumaini mko wazima na kwamba kile kikohozi chako cha kila mwaka kimekuacha salama. Mimi nimeanza kupata taabu ya kutunga uzi kwenye sindano, lakini mikono haijambo. Shemeji yako anakula, analala na anakoroma, kwa hiyo hana neno. Goti la mama limetulia tangu aanze kulikanda kwa maji moto, ingawa hataki kukiri kwamba shauri lile lilitoka kwangu. Anasema alilikumbuka mwenyewe.

Unisamehe kwa kukaa kimya majuma sita. Barua yako niliipata, na kile kijitabu ulichokitia ndani nilikiona. Nilianza kukujibu mara tatu na mara zote tatu nikachana karatasi, maana maneno yaliyokuwa yanatoka hayakuwa ya kukuandikia wewe. Yalikuwa ya mtu mwingine, na nilitaka kwanza nimfikishie mwenyewe.

Uliniambia kijitabu hicho cha shule ya kilimani ulipewa na mwenzako kazini, na ulipoona picha ya mbele moyo wako ukatulia. Mpwa wako yumo, amevaa sare, ameshika kichupa cha maabara, anacheka. Ukasema shule iliyomtoa mpwa wako ndiyo itakayomnyoosha binti yako, ambaye bado herufi zinamchezea na kusoma kwake ni kwa kujikokota. Ukaniomba nimshonee sare kabisa ili muhula ujao akifika avae tu.

Basi kaa kitako, mdogo wangu, nikusimulie. Sare hiyo sijaikata, na sitaikata mpaka umalize kusoma barua hii.

Picha ile ni ya kweli. Ilipigwa binti yangu akiwa kidato cha pili. Mwezi kama huu mwaka jana, akiwa kidato cha nne, mkuu wa shule aliniita ofisini. Mji mzima humwita Asilimia Mia, kwa sababu ya kibao chake cha getini ambacho kila mwaka kinasema wanafunzi wote wamefaulu. Alinikalisha kwenye kiti chenye mto, akaniagizia chai. Akaniambia kwa sauti ya daktari kwamba mtoto ameteleza kwenye mtihani wa majaribio, na kwa faida yake mwenyewe ni heri mtihani wa mwisho akaufanyie nje, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwenye ukumbi ulio upande wa pili wa mji. Shule ingetusaidia kujaza fomu. Mpaka siku hiyo ataendelea kusoma, ila katika chumba cha pembeni.

Nikatia sahihi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilitia sahihi na nikasema asante. Nilifikiri nimeonewa huruma peke yangu. Sikujua kwamba anatuita mmoja mmoja, kila mzazi na siku yake, ili tusikutane mlangoni.

Nilipokuwa natoka akanikumbusha jambo dogo. Siku za mtihani mtoto asivae sare.

Wewe unajua mimi ni nani. Miaka tisa mimi peke yangu ndiye niliyepewa kazi ya kushona sare za shule ile. Kila sketi ya kijani unayoiona mjini imepita chini ya sindano yangu. Na binti yangu mwenyewe akaenda kufanya mtihani wa maisha yake na gauni la kutembelea, akaketi kati ya watu wazima wenye ndevu na akina mama walioacha watoto wachanga kwa majirani. Aliporudi siku ya mwisho alikunja sare yake vizuri, akaitia chini kabisa ya sanduku.

Mwezi wa kwanza matokeo yakatoka. Amefaulu. Si kwa kung'ara, lakini masomo matano kati ya saba, na chuo cha umeme kimemchukua. Jioni ile tukapita getini kwao tukakuta mchora mabango ndiyo kwanza anateremka ngazi: WOTE WAMEFAULU, ASILIMIA MIA. Binti yangu akakisoma kibao kile.

"Mama," akasema, "kumbe mimi sikuwahi kusoma pale."

Juma lile lile ndipo ikaja barua yako, na picha yake juu ya kijitabu. Mtoto ambaye hawakumtaka kwenye orodha yao walimtaka kwenye tangazo lao.

Sitakuficha. Nilitaka kisasi. Watu husema ya nini, mwachie Mungu, na mimi huwa nawaambia wengine hivyo hivyo. Safari hii sikumwachia. Nilitaka yule mtu apate aibu ya kumfanya apite njia ya nyuma kwenda sokoni. Nilikuwa nakata kitambaa huku namsema peke yangu, mpaka fundi mwenzangu wa cherehani ya pili akaniuliza naongea na nani.

Na silaha ninayo. Ni madaftari yangu ya vipimo. Kila mtoto anayeingia kidato cha kwanza hupita hapa chumbani. Namwandika jina, jina la mzazi, kifua, kiuno, urefu. Kwa hiyo naijua idadi ya walioingia kuliko mtu yeyote asiyekaa ofisi ya mkuu. Na majina ya waliofanya mtihani hubandikwa ukutani kwenye ofisi ya elimu, yeyote anaweza kuyasoma. Hakuna aliyewahi kuchukua karatasi hizi mbili akaziweka meza moja, kwa sababu anayejua kusoma ukuta ule hana daftari langu, na mimi mwenye daftari sikuwahi kwenda kuusoma.

Nikafunga mlango, nikawaambia wateja cherehani ni mbovu, nikahesabu. Miaka minne iliyopita niliwapima watoto tisini na sita. Ukutani nikakuta hamsini na wanne. Wote hamsini na wanne wamefaulu, ni kweli kabisa. Kibao hakikusema uongo hata neno moja. Kilinyamaza tu.

Nikaandika karatasi. Kichwa chake kilikuwa MWIZI WA WATOTO, na chini yake nilimwaga kila nilichokuwa nacho, pamoja na kipara chake. Nikaona nimeandika vizuri sana.

Wa kwanza kuisoma alikuwa Kalamu Nyekundu. Humfahamu wewe, amehamia huku baada ya kuondoka kwako. Alikuwa mkaguzi wa shule kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa amestaafu, na kila mwaka huniletea gauni lile lile nilipanue huku akilaumu kitambaa. Siku hiyo alikuwa amesimama na pini kiunoni. Nikampa karatasi nikingoja sifa. Aliisoma mpaka mwisho, akaiweka mezani kifudifudi.

"Hii ni hasira, si habari," akasema. "Mzazi akiisoma atajua wewe una uchungu. Hatajua ampeleke wapi mwanawe."

Kisha akaniuliza maswali kama ananikagua. Hao ambao hawakufika mwisho, nimewauliza walikokwenda? Labda wengine walihama na wazazi wao. Na shule nyingine mbili za mji huu zikoje kwa kipimo hicho hicho? Na shule ile ya kilimani inafanya nini vizuri? Hapo nikamjibu kwamba inachofanya vizuri hakinihusu. Akaniambia basi mimi na wale wenye kijitabu tumegawana kazi, wao wameficha nusu moja na mimi naficha nusu ya pili, na mzazi katikati yetu haoni kitu.

Nilimkasirikia siku mbili. Hata gauni lake nililiweka chini ya mengine. Siku ya tatu nikajiambia kwamba mtu mwenye kisasi cha kweli hakubali kisasi chake kivuje. Karatasi ikiwa na tundu moja tu, Asilimia Mia atapitia hapo hapo. Nikaichana.

Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari kwapani. Kwanza niligundua kwamba hesabu yangu ilikuwa mbaya kuliko nilivyodhani. Kati ya wale hamsini na wanne wa ukutani, kumi na mmoja hawakuwa kwenye daftari langu la kidato cha kwanza. Waliokuwemo ni arobaini na watatu tu. Kwa hiyo waliopotea njiani ni hamsini na watatu.

Nikawatafuta wote hamsini na watatu. Tisa walihama na wazazi wao, hao si kosa la mtu. Mmoja aliugua na hakuweza kuendelea. Watano waliacha kwa hiari yao, na mmoja wao leo ana gereji kubwa kuliko ya baba yake. Wanne sikuwapata kabisa, na nimeandika hivyo, sikuwapata. Waliobaki ni thelathini na wanne, na kwa kila mmoja wao nilisikia hadithi ile ile ya kiti chenye mto na chai. Katika hao waliosukumwa nje kwa sababu eti wangefeli, kumi na tisa wamefaulu.

Tulia hapo kidogo, mdogo wangu, maana mimi mwenyewe nilitulia. Shule ingewaacha watoto wake wenyewe wafanye mtihani wao, bila kuazima mtu, wangekuwa sabini na saba, na wangefaulu sitini na wawili. Kwa kila watoto mia ni themanini. Na themanini ile bado ingewafanya wa kwanza katika mji huu. Yule mtu aliwafukuza watoto ili kulinda uongo asiouhitaji.

Sasa nije kwa wale kumi na mmoja wa kuazima.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, shule iliniletea orodha ya vijana kumi na mmoja wanaotaka sare kwa haraka, wa kidato cha nne. Waliingia hapa chumbani warefu, mabega mapana, wengine wameshanyoa ndevu mara nyingi tu. Mmoja aliniambia mwenyewe wakati nampima kwamba mtihani ule ameshaufanya mwaka uliotangulia, kwingine, na akafaulu vizuri. Sasa amekuja kuufanya tena kwa niaba ya kibao. Nikacheka. Nikaandika kifua, nikaandika kiuno. Sikuuliza, kwa sababu nilijua, na mtu anayejua haulizi. Na ilikuwa juma lile lile nililokwenda kutia sahihi ya kumvua binti yangu sare. Nilizishona sare za waliokuja kukaa kwenye kiti chake, na vifungo nikavikaza mara mbili.

Ningeweza kuliacha hilo. Hakuna aliyekuwa analijua zaidi yangu mimi na Asilimia Mia, na yeye asingelisema bila kujichoma. Nilimwuliza shemeji yako, akasema nikiandika nitapoteza kazi ya shule na nitapoteza na uso. Nikamwuliza mama. Mama hakuacha hata kukanda goti.

"Kama ni kuaibika," akasema, "aibikeni wote."

Nikaandika: Kumi na mmoja hawakuwa wanafunzi wa shule. Sare zao nilishona mimi, na nilikuwa najua.

Baada ya hapo mengine yakawa mepesi. Nilikwenda shule ya karibu na stendi, wakakataa kunionyesha daftari la mahudhurio, na mlinzi akanisindikiza mpaka nje kama mwizi wa kuku. Nikaandika kwamba walikataa, na nikaongeza yale yaliyo ukutani, kwamba waliofanya ni sitini na sita na waliofaulu ni arobaini na tisa. Nilikwenda shule ya bondeni, ile yenye mabati ya kutu ambayo sisi tulikuwa tunaicheka. Mkuu wao nilimkuta amevaa mabuti anazibua mtaro. Akanawa mikono, akanipa daftari lake bila kuniuliza la nini. Waliingia sitini na mmoja, wakafanya hamsini na saba, wakafaulu thelathini na sita. Hao wanne waliopungua alinitajia kila mmoja alipo. Mtoto anayesoma taratibu hukaa na mwalimu mmoja mama kila siku baada ya masomo, nimeona kwa macho yangu. Lakini maabara yao ni kabati moja lenye kufuli, ufunguo haujulikani ulipo, na mwaka jana walikaa muhula mzima bila mwalimu wa hesabu. Hayo pia nimeandika, ingawa yule mkuu alinipa kiti chake.

Na kilimani? Nimeandika kwamba mwalimu wao wa hesabu hana mfano, na anafundisha hata waliowekwa chumba cha pembeni, bila kutumwa. Nimeandika kwamba maabara ina maji na vifaa, kwamba watoto huazimwa vitabu vya kwenda navyo nyumbani, kwamba vyoo vya wasichana vina milango na milango ina komeo. Kila sifa niliyoiandika ilikuwa kama nameza pini. Kalamu Nyekundu alipoisoma karatasi mpya alisahihisha hesabu moja tu, kisha akaomba gauni lake.

Siku ya wazazi wapya ilikuwa Jumamosi, tarehe mosi mwezi huu. Kila mwaka siku hiyo mimi huwekewa meza nyuma ya ukumbi niwapime watoto, mzazi akimaliza kujiandikisha anakuja kwangu. Asilimia Mia mwenyewe ndiye aliyeagiza meza yangu ipangwe na nifutiwe vumbi. Nikafika mapema, tepu shingoni, karatasi mia mbili kwenye mfuko wa vitambaa. Kila niliyempima mtoto wake nilimkabidhi mzazi karatasi moja, kwa adabu, kama stakabadhi.

Jukwaani yule mtu alikuwa anazungumza vizuri. Ana sauti, hilo simnyimi. Ila kila alipotaja asilimia mia alikuta macho ya watu yako chini, yanasoma. Mara ya tatu akateremka, akachukua karatasi mkononi mwa mama mmoja, akaisoma akiwa amesimama. Nilimwona anavyobadilika, kuanzia shingoni kwenda juu, na nakwambia ukweli wa Mungu, nilifurahi. Nilikuwa nimelala na njaa ya siku ile tangu mwezi wa kwanza.

Akasema hayo ni maneno ya mama aliyefeliwa na mtoto. Nikasimama, nikasema mtoto wangu amefaulu, jina lake liko ukutani, orodha ya kujitegemea. Akasema takwimu si kazi ya mshona sketi. Watu wakanong'ona. Hapo akafanya kosa ambalo nilikuwa namwombea. Alidhani sitathubutu kujigusa mwenyewe. Akageukia ukumbi, akawaambia wamwulize fundi huyu mwema ni nani aliyewashonea sare hao watu wa kuazima, na kama alikuwa hajui.

Dereva mmoja wa lori, mtu mnene aliyekaa mbele, wala hakuinua kichwa.

"Ameandika," akasema. "Mstari wa kumi na nne."

Asilimia Mia akarudi kwenye karatasi akautafuta mstari, na alipoufikia ndipo akajua kwamba amekwisha kukiri mbele ya wazazi wote.

Kisha mama mmoja akaniuliza kama ni kweli vyoo vya wasichana vina komeo. Nikasema ni kweli. Na huyo mwalimu wa hesabu? Kweli, ni bora kuliko wote niliowasikia. Akaitikia kwa kichwa, akawaambia wenzake kwamba basi na hao hamsini na watatu ni kweli. Mdogo wangu, sikuwa nimelifikiria hilo. Nilidhani sifa zitapunguza makali. Kumbe sifa zile nilizozimeza kama pini ndizo zilizomchoma, kwa sababu mtu anayekusifu kwa haki, akikulaumu huna pa kujificha.

Wa mwisho kusema alikuwa yule dereva. Alisema polepole, kama anayesikitika, kwamba shule ingeandika themanini, wazazi wangekuja vile vile.

Bodi ya shule imekaa mara mbili tangu siku hiyo. Majina ya watahiniwa wa mwaka huu yanapelekwa mwisho wa mwezi, na watoto ishirini na tisa wa kidato cha nne ambao wazazi wao walikuwa wameshanyweshwa chai wamerudishwa kwenye orodha. Watafanya mtihani kwenye madawati yao, na sare zao. Vijitabu vimekusanywa. Kibao kimebadilishwa, sasa kina mistari mitatu, walioingia, waliofanya, waliofaulu. Siku mchora mabango alipokuwa anakikwangua nilibeba kigoda changu, nikanunua karanga, nikakaa upande wa pili wa barabara mpaka herufi ya mwisho ikatoka. Shemeji yako aliona haya kupita pale. Mimi sikuona.

Kazi ya sare wameninyang'anya, kwa barua ya mistari miwili. Sikulia. Wazazi bado wanakuja kwa mlango wa nyuma, na waliponiuliza wengine kama najuta niliwaambia najuta kwamba sikuhesabu miaka tisa iliyopita.

Karatasi yenyewe nimekutilia ndani ya bahasha. Uisome na wifi yangu, polepole, shule zote tatu. Usiisome kama barua ya dada mwenye hasira. Ukiwa na mtoto anayependa hesabu na anayejitegemea, kilimani ni pazuri na sitakudanganya. Lakini wako umeniambia mwenyewe jinsi alivyo, na mtoto wa namna hiyo ndiye hasa anayeitiwa mzazi wake chai. Bodi imeapa kwamba mambo hayo yamekwisha. Mimi nimeshona vya kutosha kujua kwamba nguo iliyoshonwa upya hungojewa ifuliwe kwanza.

Mama anakusalimu na anasema umtumie yale mafuta ya goti. Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama bado unaishabikia timu ile ile inayofungwa kila Jumapili. Mpwa wako anakusalimu kipekee, na ameniagiza nikwambie kwamba wiki jana ametengeneza pasi yangu ya umeme, na kweli inawaka. Kalamu Nyekundu, ambaye hakujui, naye anakusalimu.

Lipo jambo la mwisho. Ukurasa huu usiusomee mbele ya watu, na ukimaliza uuchome.

Jumanne asubuhi Asilimia Mia alikuja hapa chumbani, peke yake. Hakukaa. Alitazama kitambaa cha bluu, cha shule ya bondeni, kilichokuwa kwenye cherehani ya mwenzangu. Akaniuliza kwa sauti ya mtu wa kawaida kwa nini sikusema.

Nilikuwa najua anachouliza. Nilipokuwa nahesabu madaftari ya bondeni, yale anayoyaandika mwenzangu, niliona jina la msichana mmoja wa kidato cha kwanza, aliyeletwa na mama yake. Kifua, kiuno, urefu. Na jina la baba lilikuwa lake yeye. Mkewe alikuwa amemwambia baada ya mkutano kwamba sare ile ilishonwa hapa. Majuma matatu nililiweka chini ya ulimi. Siku ya ukumbi, aliponiita mshona sketi, lilifika mpaka kwenye meno. Sijawahi kushika sindano tamu kama ile.

Nikamwambia, "Nilikuwa napima shule, Mwalimu. Sikuwa napima mtoto."

Akainamisha kichwa, akatoka. Kwenye karatasi hilo halimo, na hata Kalamu Nyekundu sikumwambia. Lakini wewe ni ndugu yangu tumbo moja, na kisasi changu kimebaki kipande hiki kimoja. Nakupa wewe, ukitumie kwa ajili ya mwanetu. Yule msichana naye herufi zinamchezea. Kila asubuhi baba yake humpitisha kwa gari mbele ya geti la kilimani, mbele ya kibao chake mwenyewe, akamshusha bondeni.

Mungu amfungulie binti yetu njia, na akupe wewe macho ya kuiona. Ukishaamua, niandikie rangi ya kitambaa tu, kijani au bluu, nami nitakata.

Wako akupendaye, hata nikiwa na hasira,

Dada yako, fundi.